Boma la Koko

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, Loishiye alisimama mbele ya kizimba cha chatu akamsalimu kwa Kimaa, lugha ya Waarusha, kama wanaume wa kwao wanavyomsalimu mwanamke: "Takwenya, Koko." Kisha alibana sauti ikawa nyembamba, akajijibu kwa niaba ya nyoka: "Iko." Koko kwa Kimaa ni bibi. Watoto wa shule waliokuja kutembelea walicheka hadi wakashika matumbo. Yeye hakucheka.

Mwaka niliomaliza chuo nilikuwa nikiuza tiketi kwenye bustani hiyo ndogo ya nyoka, nje kidogo ya Ngaramtoni. Mwenye bustani alikuwa Elinipa Sumari, Mmeru, mjane, aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi. Sote tulimwita Mwalimu. Kibali chake cha kufuga kilining'inia juu ya meza yangu, na karibu yake picha ya marehemu mumewe akiwa ameshika randa, siku alipomaliza kukijenga kizimba cha Koko.

Loishiye hakuzaliwa mtu wa nyoka. Kwa miaka ishirini na sita alisimamia josho la kijiji, birika la kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Alijua kuangalia rangi ya maji akasema dawa imepungua, na hakukosea. Mwaka ambao ndigana, homa iletwayo na kupe, ilifagia mifugo ya majirani, ng'ombe wa kijiji chake walibaki wamesimama, na tangu hapo hata wazee waliomzidi umri walimpisha njia. Kisha josho likapasuka ukuta, halikujengwa tena, kila mtu akanunua bomba lake la mgongoni na kupuliza mifugo yake nyumbani. Mtu aliyekuwa akisubiriwa na ng'ombe mia nne kila Alhamisi akawa hasubiriwi na yeyote.

Loishiye alimpata Koko katika shamba la mahindi. Watu walikuwa wakichoma mabua, chatu akatoka na mkia umeungua, vijana wakachomoa mapanga. Loishiye alivua shuka lake, akamfunika nyoka, akaketi kando yake kwenye majivu mpaka maofisa wa wanyamapori walipofika. Walipomleta kwa Mwalimu, Mwalimu aliuliza nani atathubutu kumlisha. "Mimi," alisema Loishiye. Hiyo ilikuwa miaka tisa kabla ya Julai ninayoisimulia.

Julai ile ukungu wa Mlima Meru haukuinuka hadi saa sita mchana. Koko alilala ndani ya beseni lake la maji siku tatu mfululizo, hakutaka kutoka. Siku ya nne niliona vidoa vyeusi vikielea majini, kama pilipili manga iliyosagwa. Loishiye alipitisha kidole pembeni ya jicho la nyoka. Kidoa kimoja kikatembea. Alikibana kwa ukucha, damu ikatoka.

"Kupe," alisema. "Kupe wadogo."

"Baba, nadhani ni utitiri wa nyoka," nilisema. "Labda tumpigie daktari kwanza."

"Daktari wa nini, mwanangu? Kabla hujazaliwa mimi nilikuwa daktari wa kupe."

Mwalimu alikuwa ameenda kwenye msiba Kijenge. Ningeweza kumpigia simu. Lakini mzee yule alikuwa tayari anatembea kwa hatua ndefu, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeitwa kazini baada ya miaka mingi, nami nikampisha njia. Alirudi kutoka nyumbani kwake na bomba pamoja na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alipima kwa kifuniko.

"Ndama hupewa nusu," aliniambia. "Huyu, nusu ya nusu. Mimi si mjinga."

Alimpulizia Koko kutoka kichwani hadi mkiani, akapuliza na kuta. Baada ya robo saa wadudu walianza kudondoka sakafuni. Loishiye alinitazama, akatabasamu.

"Unaona?"

Nikaona. Niliona kichwa cha Koko kikiinuka taratibu kuelekea paa, shingo ikijipinda, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho nyuma yake. Mtetemo ulipita chini ya magamba, ukarudi. Halafu mwili mzima ukapinduka, tumbo jeupe likawa juu, na haukugeuka tena.

Tabasamu la Loishiye lilikauka usoni.

"Ndama aliyekunywa maji ya josho," alinong'ona. Alikuwa akijiuliza mwenyewe. "Ndama aliyekunywa josho tunamfanyaje?" Kisha akapiga kelele: "Maji! Ya uvuguvugu, yasiwe ya moto! Fungua milango yote!"

Tulimbeba wawili, uzito wa gunia la mahindi lililojaa nusu, tukamlaza ndani ya pipa lililokatwa katikati. Nilimimina maji, nikayamwaga, nikamimina mengine. Loishiye alipiga magoti kwenye saruji, kichwa cha Koko kiganjani mwake, juu ya maji ili asiyavute puani. Mwili wa nyoka ulijizungusha kwenye mkono wake, ukalegea.

"Siku zote hunibana mpaka vidole vinakufa ganzi," alisema. "Leo ananishika kama mtoto mwenye homa."

Mwalimu aliingia akiwa bado na khanga ya msibani. Aliangalia bomba, chupa, na mzee aliyelowa.

"Baba Tajeu," alimwita Loishiye kwa jina la mtoto wake. "Umemfanya nini?"

"Nimemwogesha."

"Kwa kitu gani? Nakuuliza, kwa dawa gani?"

"Ya ng'ombe, Mwalimu."

"Ng'ombe ana pembe. Huyu ana pembe?"

Mwalimu alimpigia daktari wa mifugo wa mjini, akaweka simu kwenye sauti ya juu. Daktari alisema tuendelee hivyohivyo, kichwa kiwe juu, apate joto na hewa, asipewe kitu kingine chochote. Kuhusu kupona alisema jambo moja tu: mlazeni chali. Nyoka mzima hujigeuza. Ikifika jioni hajajigeuza, msimtese tena.

Tulimlaza juu ya magunia makavu karibu na jiko la mkaa. Saa nane tulimgeuza chali, akabaki chali. Saa tisa, vilevile. Saa kumi Mwalimu alitoka nje kwa sababu hakutaka tumwone akilia. Loishiye hakula, hakunywa, hakwenda hata msalani. Saa kumi na moja jua lilipenya chini ya ukungu likagusa magunia. Shingo ya Koko ilisogea. Ikajipinda kidogo, ikatulia. Kisha sehemu moja ya mwili ikaivuta nyingine, kama mtu anayegeuka usingizini, hadi tumbo lote likawa chini.

Loishiye alifunika uso kwa shuka.

Hatukupata nafasi ya kufurahi. Siku ya tatu baada ya kumrudisha kwenye kizimba, ambacho tulikuwa tumekiosha mara nne, vidoa vyeusi vilikuwa vimerudi pembeni ya macho yake. Daktari alikuja, akapapasa mbavu, akatikisa kichwa. Mwili huu, alisema, hauwezi tena dawa ya aina yoyote. Na wadudu wakiendelea kuunyonya mwezi mwingine, utakufa kwa kukosa damu.

"Usimguse tena," Mwalimu alimwambia Loishiye daktari alipoondoka. "Utafagia njia. Basi."

Alifagia njia siku mbili. Siku ya tatu aliweka ufagio chini, akaja mezani kwangu, ambapo Mwalimu alikuwa akinywa chai.

"Mwalimu, niseme neno moja, kisha nirudi kwenye ufagio."

"Sema."

"Kwetu boma likijaa viroboto hatuogeshi watu. Tunahama. Tunatoa mifugo, tunatoa watoto, tunalichoma. Nilikosea tangu mwanzo. Nilipigana na wadudu mgongoni mwa Koko, kumbe kwao ni kule." Alielekeza kidevu kwenye kizimba. "Wanalala kwenye maungio ya mbao. Usiku wanatoka kula, mchana wanarudi nyumbani."

Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Kile alikijenga marehemu."

"Najua."

"Kila ubao aliupiga randa mwenyewe. Mikono ilikuwa tayari inatetemeka kwa ugonjwa."

"Najua, Mwalimu. Misumari nilimshikia mimi."

Mwalimu aliitazama picha ya mumewe ukutani, nami nikaanza kuhesabu tiketi ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa. Kisha akainuka.

"Kioo kibaki," alisema. "Mengine choma."

Alisimama pale mpaka ubao wa mwisho ulipoanguka motoni. Magogo, majani makavu, hata kipande cha mti alichopenda Koko kujificha chini yake, vyote vilikwenda. Koko alihamia kwenye boksi kubwa la plastiki, kwenye chumba kingine, lisilo na ufa wala kona ya kujificha mdudu, juu ya magazeti matupu. Kila asubuhi Loishiye aliyakunja magazeti kwa uangalifu, akayachoma, akatandika mapya. Alimlaza Koko kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, akampangusa pembeni ya macho kwa pamba yenye mafuta kidogo ya kula. Alifanya hayo yote kimya. Hakumsalimu. Nilidhani amesahau, hadi siku moja nikamwona amefungua mdomo mbele ya boksi, akaufunga.

Wiki ya kwanza magazeti yalijaa vidoa. Ya pili, vichache. Kisha siku ya kumi na tatu vikarudi vingi, vidogo kuliko vumbi, na Mwalimu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani tumechoma kizimba bure.

"Ni mayai yameanguliwa," Loishiye alisema bila kugeuka. "Kupe nao hufanya hivi. Hawana pa kurudi tena. Tusubiri."

Tulisubiri. Wiki ya tano gazeti lilibaki safi. Ya sita pia. Lakini Koko hakula. Ngozi ililegea mgongoni, uti ukaonekana. Mara mbili tulimwekea kuku aliyechinjwa, mara mbili tulimtoa kama alivyoingia.

Mwanzoni mwa Septemba alijivua gamba, moja, refu, bila kuchanika. Loishiye aliliinua kwenye mwanga wa dirisha, akachunguza mahali pa macho kwa muda mrefu. Hapakuwa na kidoa. Siku mbili baadaye alimshusha kuku kwa koleo ndefu, akasubiri. Mwalimu alisimama mlangoni, mikono imekunjwa. Ulimi ulitoka, ukarudi, ukatoka tena. Koko alirusha kichwa kwa kasi ambayo hatukuwa tumeiona tangu Juni, na koleo likabaki tupu.

Tulimtazama mpaka mguu wa mwisho wa kuku ulipopotea. Ndipo Loishiye alipoinama karibu na boksi.

"Takwenya, Koko," alisema.

Hakubana sauti kujijibu. Alitazama chini. Mlangoni, Mwalimu, ambaye, ingawa aliishi miaka mingi jirani na Waarusha, sikuwahi kumsikia akitamka neno la Kimaa, alikohoa kidogo kusafisha koo.

"Iko," alisema.