Gorogoro Yenye Kilima

Kwetu Mbeere, gorogoro ya njahi, maharagwe yetu meusi, ikijaa hadi ukingoni tu, mnunuzi anajua umemnyima. Mama huongeza mpaka kilima kisimame juu ya mkebe na nyingine zimwagike. Nimelelewa hivyo. Basi nilipotakiwa, kwa utafiti wangu wa shahada, kupeleka Nairobi protini ya njahi zake, ipitishiwe mwanga kwenye mashine ionekane imejikunja vipi, nilipeleka nzito, tena nyingi. Kupeleka kidogo niliona aibu.

Fundi wa mashine hiyo alinipigia simu nikiwa maabara ya chuo, Meru.

"Madam, hii umeleta ni uji. Mwanga haipiti. Na chumvi ni ya nini? Chumvi inameza mwanga! Nyinyi watu wa huko mlime tu."

Nilikasirika. Kuhusu uji na chumvi alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Lakini hilo la kulima sikulikubali.

"Nitalima," nikamwambia, "na Ijumaa nitakuja."

Nilikuwa nimebakiza zamu moja tu kwenye mashine ile. Kama ningeiharibu zamu hiyo, shahada yangu ingekwama hapo.

Nikaanza upya. Protini niliitia kwenye mfuko mwembamba unaopitisha chumvi tu, nikauzamisha ndani ya maji ya fosfeti, ambayo hayamezi mwanga, nikawa nayabadilisha hayo maji mpaka chumvi yote ikatoka. Nikachuja isibaki hata chembe ya vumbi. Kisha nikaanza kuipunguza makali. Hapo ndipo mkono ulipogoma. Kila nilipoongeza maji nilijiona mchoyo, kama ninayempimia mgeni gorogoro nusu. Nikaongeza hivyo hivyo, mpaka haikuwa na tofauti na maji ya kunywa.

Ijumaa nilifika na kikasha changu cha barafu. Fundi akainua kichupa, akacheka.

"Sasa umeleta maji tupu."

"Weka kwenye mashine."

Akaimimina kwenye kijichupa bapa, chembamba, akafunga mlango wa mashine. Mstari ukaanza kujichora kwenye kioo cha kompyuta, ukashuka, ukapanda, safi, bila kutetemeka hata kidogo. Umbo lake lilionyesha kuwa protini ya njahi za mama ilikuwa imejikunja barabara. Nilifurahi hadi nikataka kupiga kelele, ila sikutaka aone.

Hakunipongeza. Alivuta fomu, na mahali pa kuandika sampuli imetoka wapi akaandika maabara yake. Nikamnyang'anya kalamu, nikafuta, nikaandika kwa herufi kubwa: NJAHI ZA MAMA YANGU, MBEERE. TUNALIMA.