Safari ya Dodoma na Bima ya Esta

Nilikwenda Dodoma kwa sababu ya mtama. Mvua za kwetu Kalemie, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, siku hizi zinakuja zinapotaka, na chuo kimoja huko kilinialika muhula mzima nijifunze namna Wagogo wanavyovuna katika ukame. Nilishangilia mpaka niliposoma sharti la mwisho: mtafiti mgeni, na mtoto atakayefuatana naye, lazima wawe na bima ya afya. Binti yangu Esta ana miaka minane na ana SS, ule ugonjwa wa damu ambao Watanzania huuita selimundu. Bima yangu niliipata. Yake, kila wakala aliyesikia ugonjwa alikataa. Baba yake hayupo duniani. Ningemwacha na nani? Nikasema potelea mbali, tutakwenda hivyo hivyo.

Ziwa tulivuka salama. Kutoka Kigoma treni ilitupitisha Tabora na Manyoni, Esta akiwapungia mkono ng'ombe wote wa njiani. Mimi nilikuwa natunga maneno ya kumlainisha mtu wa ofisini.

Dodoma, kesho yake asubuhi, tulimkuta Mama Neema, msimamizi wa wageni wa chuo, Mgogo mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Shikamoo, mama," Esta akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu! Bima zenu mmekuja nazo?"

Maneno yangu yote yakapotea. Nikamweleza ukweli.

"Bila bima ya mtoto siwezi kukusajili, mama. Akiugua hapa utamkimbizia wapi?"

Hasira zikanipanda. "Yaani mnamfukuza mgonjwa kwa sababu ni mgonjwa!"

Akacheka. "Nani kakufukuza? Jamani, Wakongo! Keti unywe chai. Hivi, unaweza kufundisha?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi chukua kipindi kimoja kwa wiki. Ukiwa mwalimu wa muda, unaingia kwenye bima ya watumishi na familia zao. Ile tumeikata kwa kundi, haibagui maradhi."

Chai haijapoa, alikuwa ameshanivuta mkono hadi kwa mkuu wa idara, naye akakubali. Wiki haikuisha Esta akapata kadi yenye picha yake, kanuna kweli kweli kwa sababu mpiga picha alimkataza kucheka.

Bahi, vijijini karibu na Dodoma, mwezi wa saba, tulikwenda kuona mavuno. Sikujua kama baridi ya huko ina meno! Mkulima aliyetupokea, Mama Yohana, alituandalia ugali wa uwele na mlenda, na Esta akalamba vidole. Mchana, tukiwa shambani kwenye upepo, mtoto akaanza kulia miguu, kisha kifua. Nilibaki nimesimama kama gogo. Mama Yohana akamfunga mgongoni kwa khanga.

"Mzito huyo, mama, nipe mimi!"

"Wewe unatetemeka, utamwangusha. Twende!"

Alimbeba hadi lilipokuwa gari la chuo, hakupumzika hata mara moja.

Hospitalini Dodoma nilitoa kadi. Dada wa mapokezi akaitazama, akasema, "Mpitisheni ndani." Basi. Hakuna aliyeniuliza neno la pili. Baadaye daktari aliniambia, "Mmewahi, mama. Kifua hiki kisingesubiri." Nililia pale pale koridoni bila aibu. Siku zote tulizolazwa Mama Neema alileta uji wa uwele, akimtania Esta kwamba sasa ni Mgogo kamili.

Kigoma, safari ya kurudi. Nilikuwa na mbegu za mtama na mengi ya kuwafundisha wakulima wetu. Lakini somo kubwa ni lile sharti nililolilaani nikiwa nyumbani: ndilo lililomlinda mwanangu, kwa kuwa lilimpata mtu wa kulisimamia kwa moyo. Mungu awabariki watu wa Dodoma.

Bandarini meli ilikuwa inapakia. Esta akatoa kadi yake.

"Mama, tukivuka ziwa, hii inafanya kazi?"

"Haifanyi, mwanangu."

Akaitazama ile picha yake iliyonuna, kisha akayatazama maji.

"Basi tupande meli ya kesho."