Ganda Lenye Pembe Tatu

Mwaka ambao baba na wenzake wa chama alichokiongoza walinunua shamba la mzungu karibu na Moi's Bridge, nilirudi Eldoret kutoka masomoni Uingereza nikiwa na hadubini ya kuazima. Niliiweka juu ya meza ya kulia chakula, kwa sababu dirisha la pale ndilo lililokuwa na mwanga. Mama alihamishia sahani jikoni bila kunung'unika, jambo lililonitia wasiwasi.

Kazi yangu ilikuwa matope yaliyotolewa chini ya bahari na watu waliokuwa wakitafuta mafuta. Ndani yake mlikuwa na maganda ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Kiumbe kama hicho hujifungia ndani ya ganda, hulala, kisha hufungua kidirisha na kwenda zake. Ganda hubaki mamilioni ya miaka. Nililoliona mimi lilikuwa na pembe moja juu na mbili chini, na moja ya zile za chini ilikuwa fupi. Vitabu nilivyobeba havikuwa na la namna hiyo. Je, ilikuwa spishi mpya, au ganda limevunjika tu?

Habari zikaenea kwamba binti wa mwenyekiti ameleta mashine ya kupima udongo. Jumapili wanachama wakaja moja kwa moja kutoka kanisani, kila mmoja akitaka kujua sehemu gani ya shamba ina rutuba. Mzee mmoja wa kanisa akainama, akachungulia kwa heshima kubwa.

"Naona majani ya mahindi."

"Hizo ni kope zako, Mzee."

Akanyooka. "Na huu udongo ni wa upande gani wa shamba?"

"Ni wa baharini."

Walimaliza chai yote, wakaondoka wakisema serikali inapoteza pesa za masomo kwa wasichana.

Nikaendelea kutafuta. Likatokea ganda la pili, kisha mengine, yote yakiwa na pembe fupi upande uleule, na ncha yake nzima. Hayakuwa yamevunjika; ilikuwa spishi mpya. Nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kuangalia kama niko sawa.

Likabaki jina. Baba akajitolea lake.

"Jina lako ndilo langu," nikamwambia. "Wataalamu watasema nimelipa ganda jina langu mwenyewe."

"Si mimi nilikuwa nalo kwanza?"

Nikalipa ganda jina la mama, lenye mkia wa Kilatini. Baba akanuna, akaanza kwenda kula kwa jirani. Mama aliuliza kama ni mdudu. Nikasema ni ganda tu.

"Na liko na pembe."

"Tatu."

"Nimevumilia baba yako miaka hii yote, halafu unanipea pembe." Lakini kila alipodhani nimetoka, alikuwa akichungulia.

Baadaye sana mtaalamu mmoja wa Ulaya alilitoa ganda letu katika jenasi, yaani ukoo wa viumbe, niliyoliweka, akalitia katika nyingine. Nilimweleza mama tukipukuchua mahindi nyumbani Kimumu, palepale Eldoret.

"Kwa hivyo wamenihamisha ukoo."

"Ndiyo, lakini jina lako limebaki."

"Na hakuna mtu aliniuliza." Akachukua hindi lingine. "Huyo mwanaume ameoa?"

Nikamwambia ni mzee sana. Akauliza kama ana shamba.