Imondo ya wageni iko kwa chupa

Watu wa Amalemba, leo nimecheka mpaka mbavu inauma!

Jirani yangu Mama Ayuma alikuwa na wageni kutoka Khwisero, wamekuja kuongea mahari ya Ayuma.

Kuku ikaletwa. Mzee wao akatafuta imondo, ile firigisi ya kuheshimu mgeni.

Hakuna!

"Mama, kuku yenu ilizaliwa bila imondo? Basi hatuongei."

Kumbe ni Muhonja, mdogo wa Ayuma, ule anasomanga bayolojia yunivasiti! Ule mama yake anaturingianga naye kila siku kwa bomba ya maji. Ameficha imondo kwa chupa ya spiriti!

"Mum, ni ya praktikali!"

Nikacheka weee, mpaka nikaona jogoo YANGU ndio inakimbizwa ikaokoe harusi.

Ikapikwa. Mzee sasa anatabasamu, imondo iko mkononi.

Muhonja huyo mlangoni na chupa ingine:

"Babu, naomba uniachie hiyo. Mwalimu anataka mbili, tulinganishe."

Jameni, huko yunivasiti aibu haifundishwangi?

Mzee kuona chupa, akameza imondo nzima. Hata hakutafuna!

Mahari wameongea, wameelewana.

Sasa jogoo yangu nani ataiongelea?