Kadi Iliyozidi

Lahore nzima ilialikana harusini kwa mwandiko wa Ustadhi Khushnood. Herufi zake za kalamu ya mwanzi zilitiwa kwenye kompyuta miaka mingi nyuma, na tangu hapo hakuna mchapaji aliyemhitaji tena. Mwandiko ulikula karamu kila mtaa. Mwenyewe, mgane asiye na mtoto, hata sahani ya biriani hakuletewa.

Siku moja jirani yake, Zubaida, alibisha hodi na rundo la kadi za harusi ya bintiye.

"Ami, nijazie majina ya wageni. Mimi nikiandika utadhani kuku kaparura!"

Akawa anayataja, mzee anaandika, mpaka chai yake ikapoa. Walipomaliza, Zubaida aliinua kadi moja, akacheka.

"Mashallah, ami! Umeiiga kompyuta, huwezi kujua ipi ni ipi!"

Mzee alifuta wino kwenye ncha ya kalamu.

"Hiyo moja isiyo na jina imezidi, itupe tu," alisema Zubaida, akaenda zake.

Mzee akachovya kalamu, akaandika jina lake mwenyewe taratibu. Akaiegemeza kadi kwenye birika, kisha akatoa shalwari yake ya sikukuu, akaanza kuipiga pasi.