Kipimo cha Mshubiri Mkononi Mwangu

Binti yangu alizaliwa na ualbino, na jua la hapa mpakani Malaba halimhurumii. Anamfanyia kazi wakala wa forodha, akipeleka hati kutoka lori hadi lori, foleni nzima, mchana kutwa. Mwaka jana daktari wa ngozi alimkata kidonda nyuma ya sikio, akamwonya kwamba cha pili huenda kisitibike kwa wepesi ule. Kwa hiyo nilipokuta tyubu ya mafuta yake ya hospitali ya kukinga jua imekaukia dirishani, nilidai maelezo.

"Yananata, Baba. Vumbi la malori linaniganda hadi madereva wananiita chapati."

Badala yake alikuwa akijipaka losheni ya mshubiri na mafuta ya mbegu za karoti, iliyotengenezwa na mama mmoja wa kanisani kwetu, mkulima wa kijiji cha Merikit. Jumapili, baada ya ibada, nilimwuliza mama huyo ni nani aliyepima nguvu ya losheni hiyo dhidi ya jua.

"Mzee, hii ni majani tupu. Haina kemikali."

"Hata maji ni kemikali, mama. Nani amepima?"

"Watu yote najua! Wewe mwalimu napenda tu kusumbua."

Nilifundisha kemia kwa miaka mingi; sikuwa tayari kushindwa na "watu yote". Kesho yake niligawa mkono wangu sehemu tatu: moja nikaipaka mafuta niliyoyakamua kwa shida kutoka tyubu ile, moja losheni, ya tatu nikaiacha tupu. Nikakaa uani tangu saa sita hadi saa nane. Kisha nikauosha mkono, nikautazama kwa kioo cha kukuzia. Sehemu zote zilikuwa sawasawa. Nilikuwa nimekwisha kuandika daftarini kwamba losheni ile haipungukiwi na kitu, binti yangu aliporudi.

"Baba, umejianika kama mihogo?"

Nikamweleza. Akacheka hadi akashika mlango.

"Na hapo ambapo hukupaka kitu, pameungua?"

"La."

"Sasa umepima nini?"

Nilikasirika, kwa sababu hilo ni kosa ambalo ningemkatia alama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Ngozi yangu nyeusi haikuonyesha alama hata pasipo kinga. Ingewezaje kutoa ushahidi kwa ajili ya ngozi yake? Nikakata maandishi yangu kwa mstari. Alipogeuka kutundika mfuko, nikakiona kisogo chake: kimefura, chekundu. Losheni ya mshubiri alikuwa ameipaka asubuhi ile ile, tena kwa wingi.

Sijui hadi leo kama mmea ule una faida yoyote. Nilichokijua ni kwamba nilipoteza siku nzima nikibishana, naye akiungua.

Nikaenda hospitali kumchukulia tyubu mpya. Asubuhi iliyofuata alikunja uso, lakini akainamisha kichwa. Nikampaka polepole nyuma ya masikio, mahali asipoweza kujiona, juu ya kovu.

"Chapati iko tayari," akasema, akajitanda leso shingoni, akaenda kazini.