Samaki wa Kula Konokono

Sanduku la vioo lilifika kwetu Masisi, milimani, katikati ya miaka ya hamsini, likibebwa na wanaume wawili. Dokta mzungu aliyemfundisha mume wangu kazi ya uuguzi alikuwa anarudi Ulaya, akamwachia lile sanduku pamoja na visamaki vyake na kitabu kimoja cha picha. Tuliliweka juu ya meza karibu na dirisha. Tulikuwa tumeoana karibuni, na jioni tulikaa mbele yake kama watu wanaoota moto.

Konokono niliwaleta mimi. Niliona maji ni matupu mno, nikachuma majani kwenye kijito cha bondeni, nikayapanda ndani ya mchanga. Kumbe majani yalikuwa na mayai. Haikupita miezi mingi, konokono wadogo kama punje za mtama wakafunika vioo, hata visamaki tukawa tunaviona kwa kubahatisha. Kila asubuhi niliwatoa kwa vidole, na kesho yake walikuwa wengi zaidi.

Mume wangu alifungua kitabu, akanionyesha samaki mwenye mistari ya rangi ya machungwa na nyeusi.

“Huyu njo angetufaa,” akasema. “Banamuita loshi. Anaingiza mudomo mu nyumba ya konokono, anamuvuta inje.”

“Anapatikana wapi?”

“Asia.”

Nikainuka kurudi kwa konokono wangu. Lakini yeye hakufunga kitabu. “Angalia mudomo,” akasema. “Unaangalia chini, na iko na ndevu. Kwetu Walikale, samaki wa mudomo kama huu hawakose.”

Yeye ni mzaliwa wa Walikale, kwenye msitu na mito. Mimi nilikulia Kibabi, kati ya maharagwe na ng’ombe, na samaki nilimjua akiwa mkavu. Basi alipopata likizo tulipanda kamyo ya mizigo iliyokuwa ikishuka Walikale, tukabeba debe lenye kifuniko.

Mama mkwe wangu alinipeleka kuvua pamoja na wanawake wenzake. Waliziba kijito kwa matope na vijiti, wakakumba maji kwa vikapu mpaka samaki wakabaki wakirukaruka kwenye tope. Alimwaga kikapu chake mbele yangu.

“Chagua, mutoto yangu.”

Nikatafuta mdomo wa kwenye kitabu. Aina tatu zilikuwa na ndevu na mdomo wa kutazama chini. Nikamwuliza ni yupi anayekula konokono.

“Mimi najua kuwavua na kuwapika,” akajibu. “Hiyo sijawauliza bado.”

Jibu nililipata jikoni, nikiwa napasua samaki wa chakula cha jioni. Kambale alikuwa na visamaki tumboni na panzi mmoja. Yule mrefu mwembamba alijaa tope tu. Wa tatu ni ngogo, samaki mdogo wa madoadoa mwenye miiba mikali. Kisu kilipoingia tumboni mwake nilisikia kitu kikikwaruza. Nilikiosha juu ya jani la mgomba: vipande vya magamba ya konokono. Nikapasua ngogo mwingine, hivyo hivyo.

Nilimwita mume wangu. Akachuchumaa, akavigeuza kwa kijiti. “Njo huyu tulikuwa tunatafuta,” akasema.

Mama mkwe naye akainama kutazama. “Nimemukula tangu utoto,” akasema taratibu, “na sikujua yeye anakula nini.”

Tulichukua ngogo wawili wazima. Mume wangu alipowainua kutoka majini walitoa sauti, kama mlango mkavu unaofunguliwa. Njiani baridi ya milima ilianza kutuuma, nikalifunga debe kwa kitenge changu. Hata hivyo mmoja alikufa kabla hatujafika. Wa pili alijificha chini ya jiwe mara tulipomtia kwenye sanduku, na siku nyingi hatukumwona. Mume wangu alidhani naye amekufa.

Asubuhi moja, kabla sijawasha moto, nilimkuta nje ya jiwe. Alikuwa amesimama kichwa chini, ndevu zake zikipapasa konokono mmoja kwenye kioo. Akambana kwa mdomo, akatikisa, na gamba likaanguka mchangani. Nilimwita mume wangu kwa mkono. Alikuja na kiatu kimoja mguuni, tukasimama pale hadi ngogo alipomaliza konokono wa tatu.

Maharagwe yalipokomaa vioo vilikuwa safi. Walibaki konokono wakubwa tu, wenye gamba gumu. Majirani walikuwa wanapitia kwetu wakitoka kanisani. Mama mmoja mzee alitazama muda mrefu, kisha akauliza, “Na konokono wakiisha, huyu atakula nini?”

Hilo hatukuwa tumeliwaza. Siku ile ile nilitia kipande cha muhogo uliopikwa, na mnyoo kutoka shambani, kisha nikavuta kiti. Ngogo alipita karibu na muhogo, akaugusa kwa ndevu zake zote, akaenda kwa mnyoo.